Nati Iliyogoma Haigombwi

Wajukuu zangu, mdogo wangu ana vidole vitatu kwenye mkono wake wa kushoto. Mnamjua, ndiye babu yenu anayewachongea vigari vya mti mnapokuja Tanga wakati wa likizo. Kila mara mnamwuliza vile viwili vilikwenda wapi, naye huwajibu kwamba vililiwa na gari. Hasemi uongo. Lakini gari halina kinywa, na siku ile aliyelilisha nilikuwa mimi.

Jambo hili sijawahi kulisema mbele yenu. Ninalisema leo kwa sababu jana mmoja wenu alinitumia picha kwenye simu. Amenunua Toyota iliyotoka Japani, yuko uani kwake Dar es Salaam anabadilisha shokomzoba za nyuma, na alitaka nimsifu. Nikamsifu. Kisha nikaikuza ile picha. Gari limesimama juu ya jeki peke yake, gurudumu limeondolewa, na kwenye mpini wa spana amechomeka bomba la maji refu kuliko mkono wa mtu mzima. Chini ya picha ameandika: "Babu, nati moja tu imegoma, lakini leo itanijua."

Usiku ule sikulala vizuri. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, katika mji huu huu, nikiwa na umri wa miaka 22.

Gari lilikuwa Land Rover ya baba, ile ndefu ya 109. Tulikaa Chumbageni, na upepo wa bahari ulikuwa ukituachia chumvi hata kwenye vioo vya madirisha. Tulitaka kubadilisha bushi za springi ya nyuma. Bolti inayoishikilia springi kwenye fremu ilikuwa imeshikana na bushi yake mpaka ukadhani vilizaliwa pamoja. Nilitia spana, haikutikisika. Nikaipiga spana kwa nyundo, kona za nati zikaanza kulika. Nikachomeka bomba. Mdogo wangu, wakati huo ana miaka 16, alikuwa amelala ubavu upande wa pili, ameshika spana nyingine ili kichwa cha bolti kisizunguke. Nikamwambia, "Shika vizuri, leo inatoka." Nikatia mguu ukutani, nikavuta kwa mwili mzima.

Nati haikutoka. Kilichotoka ni jeki. Gari liliyumba mara moja, jeki ikalala, ngoma ya breki ikapiga ardhi, na ile spana ya mdogo wangu ikabanwa kwenye fremu pamoja na vidole vyake. Sauti niliyoisikia haikuwa ya chuma.

Majirani walilinyanyua gari. Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja, fundi wa mtaa wa pili. Siku ya tatu, mdogo wangu akiwa bado hospitali, mzee yule alirudi na mfuko wake wa turubai. Hakunikaripia wala hakuniuliza lolote. Alipanga vipande vya mataruma ya reli chini ya fremu, akalisukuma gari kwa bega kuona kama litacheza. Halikucheza. Akachukua brashi ya waya, akaisugua ile bolti mpaka nyuzi zikaonekana. Akachovya unyoya wa kuku kwenye kopo la mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akapaka. Akagonga nati kwa nyundo ndogo, upande huu na huu, ta, ta, ta, kama mtu anayebisha hodi. Akapaka tena, akaifunga kitambaa kilicholowa, akaenda zake kuswali alasiri. Baada ya Isha alirudi, akapaka mara nyingine. Asubuhi akashika spana ya kawaida, bila bomba. Kwanza hakulegeza: alikaza, kidogo sana. Nati ikalia krii. Ndipo akalegeza robo mzunguko, akarudisha, akapaka, akalegeza nusu. Haukupita muda ilikuwa nje.

Akaniwekea ile nati kiganjani, ikiwa bado inachuruzika mafuta, akaniuliza: "Ulikuwa unapigana na nani?"

Sikuwa na jibu. Haya ninayowaandikia leo ndiyo jibu langu, nililolitafuta kwa zaidi ya nusu ya umri wangu.

Siwakatazi kujitengenezea magari. Kijana anayejua kufungua na kufunga gari lake haibiwi kirahisi, na fedha ya gereji inabaki kwa watoto. Ninachokitaka ni mjue mnachokabiliana nacho, maana asiyejua huona nati imemkataa yeye, hukasirika, na hasira ni hasara.

Nati haina ukaidi. Ukiikaza, bolti hunyooka kidogo sana, kama mpira unaovutwa, na kule kutaka kwake kurudi ndiko kunakovibana vyuma viwili pamoja. Katika nguvu yote unayotia mkononi, takriban sehemu 1 katika 10 ndiyo inayobana kweli. Sehemu 9 huliwa na msuguano, chini ya nati na kwenye nyuzi. Sasa ongeza kutu. Chuma kikigeuka kutu huvimba. Kutu huhitaji nafasi mara 2, na hata kufikia mara 6, ya ile ya chuma kilicholiwa. Kati ya nati na bolti hakuna nafasi hiyo, kwa hiyo kutu hujisokota na kujishindilia humo humo mpaka nyuzi zinashikana. Kilichokushika pale ni miaka 10 ya maji na chumvi. Jambo lililofungwa kwa miaka 10 unataka lifunguke kwa dakika 10, kisha ukikosa unaliita kaidi?

Sisi watu wa pwani tunaishi na chumvi. Gari la Tanga, la Mombasa au la Unguja, uvungu wake haukai kama wa gari la Dodoma. Lakini hata wewe wa bara usijione umesalimika. Mengi ya magari tunayonunua yametumika Japani, na huko kaskazini, Hokkaido na kwingineko kwenye theluji, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari linateremka bandarini liking'aa kama sinia la harusi. Ingia uvunguni uone. Kabla hujanunua, piga magoti na tochi, tazama nati za chini. Hizo hazipakwi rangi kumpendeza mnunuzi.

Sasa nisikilizeni kuhusu kazi yenyewe.

La kwanza kabisa ni ardhi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Gari likishapanda, liwekwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana yasiyopasuka, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Matofali ya saruji yana uwazi ndani na hupasuka bila kutoa ilani; msiyatumie. Kisha fanya kama yule mzee: lisukume kwa bega. Likicheza, hujamaliza. Kumbuka kwamba nati iliyoganda ndiyo inayokufanya uvute kwa nguvu, na nguvu hiyo hiyo ndiyo inayoliangusha gari. Kwa sababu hiyo nati za tairi hulegezwa gari likiwa bado limekanyaga chini kwa miguu yote minne, robo mzunguko tu, ndipo jeki iingie.

La pili, jua inafunguka upande gani. Nati nyingi hulegea ukizungusha kinyume cha saa. Nyingi, si zote. Kwenye malori mengi ya Kijapani ya zamani, nati za magurudumu ya kushoto hulegea kwa kufuata saa. Nimeona vijana wawili wakining'inia kwenye wilispana moja, wakidhani wanafungua, kumbe wanakaza mpaka bolti ikakatika. Ukiwa chini ya gari umelala chali, kushoto na kulia hubadilika kichwani. Tulia, itazame nati uso kwa uso katika mawazo yako, ndipo uvute.

La tatu, spana iwe saizi yake. Toyota na ndugu zake za Kijapani hutumia milimita: 10, 12, 14, 17, 19, na 21 kwenye nati za tairi. Land Rover za zamani zina inchi, na baadhi ya nyuzi zake zinarudi kwa Mwingereza Joseph Whitworth, aliyependekeza kipimo kimoja cha nyuzi mwaka 1841. Spana ya 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi ukadhani ndiyo yake, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, na ile tofauti ndogo ndiyo inayokula kona. Kwa nati iliyoshika kutu tumia soketi ya pembe 6, au spana ya ringi. Ile ya pembe 12 hushika nchani mwa kona tu. Spana ya mdomo wazi iache kwa nati zilizokwisha kulegea, na hiyo ya kurekebisha taya, mnayoiita spana malaya, isisogee hapa kabisa. Nati ikishakuwa duara, kazi ya saa 1 imekuwa ya siku 2.

La nne ndilo nililomwona yule mzee akilifanya, na ndilo vijana wanaloliruka: subira yenye kazi ndani yake. Sugua kwanza. Mafuta hayapiti kwenye tope na kutu ya juu; ukimimina bila kusugua umelainisha uchafu. Kisha paka mafuta mepesi. Ile WD-40 mnayoiona kila duka la vipuri ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na kampuni ndogo iliyohudumia kazi za roketi. Herufi zake zinahusu kuondoa maji, na 40 ni kwa sababu jaribio la 40 ndilo lililofaulu. Kwa hiyo asili yake ni dawa ya kufukuza maji. Husaidia, ila kuna mafuta mengine yaliyotengenezwa kwa ajili ya kupenya kutu, na hayo hupenya zaidi. Mafundi wengine huchanganya nusu kwa nusu oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni. Mchanganyiko huo hupenya vizuri, lakini asetoni hushika moto upesi sana, kwa hiyo usiutumie karibu na sigara, jiko wala cheche. Petroli msiiguse kwa kazi hii. Na popote palipo na breki, zibeni kwa kitambaa: tone la mafuta kwenye pedi au diski leo ni gari lisilosimama kesho.

Ukishapaka, gonga. Usiipige kwa hasira ya kuivunja. Mapigo madogo ya nyundo hutikisa kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Paka tena, uache. Nati ya kawaida iache saa 1. Iliyooza iache usiku kucha, na kama ina miaka mingi, siku 2, ukipaka asubuhi na jioni. Mtu hupanga kazi kwa namna hiyo: ukijua Jumamosi utafungua shokomzoba, anza kupaka Alhamisi. Kijana anayeanza kupaka Jumamosi saa 4 asubuhi ndiye atakayeshika bomba saa 6 mchana.

Ndipo uvute. Vaa miwani, maana kutu ikipasuka huruka, na ukiwa umelala chali inaruka kuelekea machoni. Vuta spana kuja kwako. Usiisukume kwenda mbele, kwa sababu ikiteleza ngumi yako ndiyo inayofika kwenye chuma. Kama nafasi hairuhusu kuvuta, sukuma kwa kiganja kilicho wazi. Anza kwa kukaza unywele mmoja ili kutu ivunjike, kisha legeza. Ikitoka robo, irudishe kidogo, paka, itoe tena. Vumbi la kutu lililokatika hukaa ndani ya nyuzi kama mchanga. Ukilazimisha kwenda upande mmoja tu litakusanyika, nati itashika tena, na safari hii bolti itakatika.

Sikiliza mkono. Nati inayolegea huanza kwa mlio, kisha mkono unahisi kitu kikali kimeachia. Bolti inayotaka kukatika haina mlio huo. Inakwenda laini, kama inanyong'onyea, spana inazunguka lakini nati haipandi. Ukihisi ulaini huo, simama hapo hapo. Bado hujashindwa, ila ukiendelea utashindwa.

Sasa kuhusu bomba. Sisemi kwamba mpini mrefu ni haramu. Ninasema jueni hesabu yake. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota, nati za tairi hukazwa kwa nyutonimita 103, sawa na kuning'iniza kilo 10 na nusu kwenye ncha ya mpini wa mita 1. Kijana wa kilo 70 akilala na uzito wake wote kwenye ncha ya bomba la mita 1 anatia karibu mara 7 ya hiyo. Nguvu hiyo lazima iende mahali. Kama nati haiachii, itakwenda kwenye bolti, au kwenye spana, au kwenye jeki. Na kwenye jeki ikienda, nimekwisha kuwaeleza inakoishia.

Ikishindikana kwa mafuta na subira, kuna moto. Hapa ndipo ninapowasihi kuliko pote. Kanuni yake ni nyepesi: nati ikipashwa joto hutanuka, tundu lake likapanuka, na kutu ikapasuka. Unaipasha nati, si bolti. Ikiwa bado na joto, wengine huigusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kuingia kwenye nyuzi. Ni ujanja mzuri wa zamani. Lakini moto wa gesi uani mwa nyumba una mambo manne ambayo sitaki myajue kwa kuumia.

Usipashe nati ya tairi ikiwa tairi imo kwenye rimu, hata kama umetoa upepo. Mpira ukipata joto ndani huoza na kutoa gesi zinazowaka, na tairi hulipuka kama bomu. Watu wamekufa hivyo. Usipashe karibu na shokomzoba, kwani ndani mna mafuta, na mara nyingi gesi yenye mgandamizo. Usipashe karibu na tangi, bomba la mafuta ya gari au mpira wa breki. Na usipashe mahali ulipopulizia dawa ya kusafishia breki: zile zenye klorini zikiungua hutoa fosijeni, gesi ile ile iliyoua askari kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na pumzi chache zinatosha kukulaza. Kama hamna uhakika, mpeni kazi hiyo fundi wa kuchomelea. Hakuna aibu katika kumlipa mtu anayejua.

Wakati mwingine njia ya busara ni kuikata. Nati ya shilingi kidogo, na bolti yake, si mali ya kuuguza. Msumeno wa chuma, au tindo kali upande mmoja wa nati mpaka ipasuke, na kazi imekwisha. Kijana anaona kukata ni kushindwa. Si kweli, ikiwa umeamua mwenyewe kipi kikatike. Kushindwa ni pale kinapokatika usichokitaka.

Na bolti ikikatikia ndani ya injini, hasa kwenye hedi ya aluminiamu, wekeni spana zote chini. Aluminiamu na chuma vikikaa pamoja na chumvi hulana, hutoa unga mweupe unaoshika kuliko kutu nyekundu. Kuna zile skrubu za kung'olea vipande, zenye nyuzi za kinyume, zinazouzwa kwa seti. Ni ngumu sana, lakini ugumu wake ni kama wa kioo. Ikikatikia ndani, drili ya kawaida haiitoboi. Kabla ya kuitia, ni lazima tundu unalolitoboa kwenye kipande liwe katikati kabisa, na kipande kiwe kimelowa mafuta na kupashwa. Mafundi wengi wazoefu huchomelea nati mpya juu ya kipande kilichobaki. Ule moto wenyewe hukilegeza. Plagi nazo msizing'oe kwenye hedi ya aluminiamu injini ikiwa ya moto. Subirini ipoe.

Nimesema mengi juu ya kufungua. Lakini nimekaa katika kazi hii kwa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba nati haigandi siku unayoifungua. Imeganda siku ilipofungwa. Yule aliyeifunga kavu, na tope kwenye nyuzi, akaikaza kwa bomba ili asilaumiwe ikilegea, ndiye aliyekuletea taabu, na huenda ulikuwa wewe mwenyewe mwaka juzi. Kwa hiyo kaza ukimfikiria atakayefungua.

Safisha nyuzi kwa brashi. Anza kuzungusha kwa vidole vyako vitupu, mizunguko 3 au 4, kabla spana haijagusa. Isipokubali vidole, nyuzi zimepishana, irudishe. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye bolti za uvunguni na za ekzosi. Nati za tairi ziacheni safi na kavu isipokuwa kitabu cha gari kimesema vinginevyo, kwa sababu grisi hupunguza msuguano, na kwa nguvu ile ile ya mkono bolti hunyooka kupita kiasi. Zikazeni kwa kuruka, nyota, si kwa kufuatana, na zipimeni tena baada ya kilomita 50 au 100. Nati yenye nailoni ndani hutumika mara moja, nunueni mpya. Pini ya kupasua iliyokwisha kunyooshwa msiirudishe.

Na tazameni kichwa cha bolti. Kuna namba: 8.8, 10.9, 12.9. Ile ya kwanza ukiizidisha kwa 100 ni nguvu ya kukatika kwake, nyutoni kwa kila milimita mraba. Ya pili inaonyesha ni sehemu ngapi kati ya 10 za nguvu hiyo itakazobeba kabla haijanyooka moja kwa moja. Bolti ya stelingi au ya breki iliyoandikwa 10.9, nafasi yake isichukuliwe na bolti ya duka la vifaa vya ujenzi isiyoandikwa chochote, eti kwa sababu imeingia. Kuingia si kufaa. Watoto wenu ndio watakaokaa kiti cha nyuma.

Wajukuu zangu, kuna jambo moja zaidi, nalo si la spana. Siku ile Chumbageni, mdogo wangu alikuwa ameniambia, "Kaka, tuache mpaka kesho." Alilisema kwa sauti ndogo, kwa heshima, kama mdogo anavyomwambia mkubwa. Nilimsikia vizuri. Nilikataa kwa sababu majirani walikuwa wakitazama, na sikutaka waone chuma kimenishinda. Hiyo ndiyo nguvu iliyokuwa kwenye lile bomba. Yule mzee aliponiuliza nilikuwa napigana na nani, jibu halikuwa nati, wala kutu. Nilikuwa napigana na macho ya watu, na aliyeumia ni yule aliyekuwa amenishikia spana.

Kwa hiyo, mkiwa wawili kwenye kazi na mdogo wenu akasema tuache, acheni. Mdogo hana cha kuthibitisha mbele ya majirani, ndiyo maana anaona.

Na wewe uliyenitumia picha, najua unasoma. Nati yako itanijua na mimi, lakini si leo. Rudisha gurudumu, teremsha gari, toa jeki. Chomoa lile bomba, lirudishe kwenye maji yake. Jioni hii sugua ile nati, ipake mafuta, igonge kidogo, upake tena kabla hujalala, na asubuhi kabla hujaenda kazini. Jumamosi tafuta stendi mbili, za kuazima hata za kukodi. Zikishakuwa chini ya gari, nipigie simu kabla hujashika spana. Babu yako wa vidole vitatu atakuwa amekaa hapa barazani kando yangu. Yeye ndiye atakayekuambia anza.